Kona ya Dada: Binti wa Moshi anaitaka Ncha ya Kusini

"Mimi ni binti wa miaka 26, niko Moshi, mtaa wa Pasua. Nilianza mlimani kama mgumu, nikibeba mizigo ya wageni, na sasa ni msaidizi wa mwongozaji. Mgeni mmoja alinionyesha picha zake akivuta sleji kwenda Ncha ya Kusini, na tangu siku hiyo sina raha. Nimetafuta mafunzo. Yapo Norway, wiki moja tu, lakini bei yake inameza mapato yangu ya msimu mzima, na katika picha zao zote sijaona hata mtu mmoja anayefanana nami. Wenzangu wananiita Mzungu wa Pasua. Mama bado sijamwambia. Nisahau?"

Hapana, mdogo wangu. Usisahau. Ila tukae tuongee vizuri, maana barua yako ina maswali mengi ndani na umeuliza moja tu.

Tuanze na hao wenzako. Robert Peary alipodai mwaka 1909 kwamba amefika Ncha ya Kaskazini, aliyekuwa naye ni Matthew Henson, Mmarekani mweusi, pamoja na Wainuit wanne. Wanahistoria mpaka leo wanabishana kama kweli walifika pale penyewe. Lakini fundi wa msafara ule anajulikana. Henson ndiye aliyetengeneza sleji, ndiye aliyewafundisha wageni wa msafara kuendesha mbwa, na lugha ya wenyeji aliisema. Naye ufundi huo aliupata kwa Wainuit. Hata Roald Amundsen, kabla ya kuwa mtu wa kwanza kufika Ncha ya Kusini mwaka 1911, alikaa na Wainuit huko kaskazini mwa Kanada akijifunza kuvaa manyoya na kusafiri na mbwa. Kwa hiyo elimu ya barafu haikuanzia kwa wazungu, wao pia walikuwa wanafunzi. Tofauti ilikuja katika kulipwa na kusifiwa. Henson aliporudi kwao aliishia kuwa karani wa forodha New York, na klabu kubwa ya wavumbuzi ya mji huo ilimpokea mwaka 1937, karibu miaka thelathini baadaye. Wakikuita tena Mzungu wa Pasua, wape hiyo habari, kisha endelea na kazi yako.

Sasa wewe. Mtu anayelala kambi ya Barafu, mita 4,673, akaamka usiku wa manane kuwapandisha watu wazima wanaolia kwa baridi mpaka Uhuru, mita 5,895, huyo hafundishwi uvumilivu. Lakini sitakudanganya: ncha si mlima. Mlimani unapanda, unafika, unageuka, na kesho yake jioni uko getini umeshika supu. Kule ni tambarare isiyokwisha, siku baada ya siku, na hakuna wagumu wa kukutangulia kupiga hema. Mgumu ni wewe. Hema unapiga wewe kwenye upepo, theluji unaiyeyusha wewe upate maji, na mzigo wote uko nyuma yako umefungwa kiunoni. Halafu adui mkubwa si ile baridi unayoiogopa. Ni jasho lako mwenyewe. Ukitembea umevaa sana unalowa, ukisimama dakika tano ule unyevu unakuwa baridi mwilini. Ndiyo maana watu wa huko huanza safari wakiwa wanatetemeka kidogo, kwa makusudi. Mambo hayo hayapatikani kwa kusoma wala kwa ujasiri, lazima yafundishwe. Hiyo wiki moja unayoiona ni anasa ya matajiri ndiyo inayomrudisha mtu nyumbani na vidole vyake kumi.

Mimi naishi Bergen, na Finse, mahali ambapo mafunzo mengi ya aina hiyo hufanyika, ni safari ya treni tu kutoka kwangu. Hakuna barabara ya magari inayofika. Ni stesheni, mita 1,222 juu ya bahari, hoteli, nyumba chache, na barafu kubwa ya Hardangerjøkulen imekaa upande wa pili wa ziwa. Ernest Shackleton alikwenda pale mwaka 1914 kujaribu vifaa vyake kabla ya safari yake ya Antarktika na meli ya Endurance. Upepo wa pale hauna adabu. Nilipokwenda nilifikiri tutafundishwa mambo makubwa makubwa. Tukafundishwa kuwasha jiko.

Usicheke. Jiko lenyewe ni dogo, la mafuta, unalipampu kwanza, unafungua kidogo mafuta yatoke, unawasha yachomeke mpaka chuma kipate moto, ndipo unafungua vizuri na mwali unageuka kuwa wa buluu. Jikoni kwako ni kazi ya nusu dakika. Ndani ya hema linalopigwa na upepo, ukiwa na glovu nzito, kiberiti hakishikiki na mafuta yakikumwagikia mkononi yanachoma kwa baridi kama moto wenyewe. Ukivua glovu, una muda mfupi sana kabla vidole havijagoma. Na usipowasha jiko huna maji, huna chakula. Mwalimu wetu alitukalisha hapo tukarudia, tukarudia, mpaka mikono ikajua yenyewe. Nikaelewa kwa nini watu wanalipa.

Jioni akatuonyesha picha za majeraha ya baridi. Pua nyekundu yenye doa jeupe, sikio jekundu lenye doa jeupe, shavu la waridi lenye doa jeupe. "Mkiona weupe kwenye uso wa mwenzenu, mwambieni haraka." Nikanyoosha mkono nikauliza: na kwenye uso wangu mimi mtaona nini? Akanyamaza. Alikuwa mtu mwema, na akajibu kwa ukweli kwamba hajui vizuri.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mlango wa mafunzo haya unaweza kuwa wazi na bado ndani pakawa hapajaandaliwa kwa ajili yako. Basi nikwambie mimi. Kwenye ngozi yetu usisubiri weupe wa karatasi. Tafuta sehemu iliyopauka, rangi ya majivu, isiyong'aa kama ngozi inayoizunguka, na ikiguswa ni ngumu kidogo kama nta. Kwa kuwa ni rahisi kuikosa, mkubaliane na mwenzako kugusana uso kila mnaposimama, msitegemee macho. Na ujue dalili ya kwako mwenyewe: maumivu yakikatika ghafla na kidole kikawa kama si chako, hiyo si nafuu, hiyo ni hatari. Tafiti za majeshi ya Uingereza na Marekani zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba askari wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi mikononi na miguuni zaidi ya wenzao weupe walio nao katika hali ileile. Sikwambii ili uogope. Nakwambia ili usione haya kuvaa glovu nzito mapema wakati wenzako bado wanajitapa na nyepesi.

Kabla hujalipa hata senti, waandikie waandaaji uwaulize maswali. Unaweza kusikia aibu, usisikie, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Je, mnafundisha jeraha la baridi kwenye ngozi nyeusi? Mna buti na mikanda ya kuvutia sleji ya saizi ya mwanamke, au mnazo za wanaume tu tutajazia soksi? Nani atalala hema moja nami? Majibu yao yatakuonyesha mengi kuliko picha zao. Anayekujibu "swali zuri, hatukuwa tumelifikiria, tutalifanyia kazi" mpe nafasi. Anayekujibu kwamba kwao watu wote ni sawa na hawaangalii rangi, mshukuru, tafuta wengine.

Na choo. Hapa ni konani kwetu, niseme wazi. Wasichana wengi wakiona hakuna kichaka wala jiwe la kujificha, wanaacha kunywa maji ili wasiende haja. Ni kosa baya kuliko yote, kwa sababu mwili usio na maji ya kutosha unapata baridi haraka na miguu ndiyo ya kwanza kuteseka. Wewe kunywa. Tafuta suruali yenye zipu ndefu inayopita katikati mpaka nyuma, au ya mikanda inayofunguka nyuma bila kuvua koti. Kuna faneli ya plastiki laini inayomwezesha mwanamke kukojoa akiwa amesimama. Inunue mapema, ifanyie mazoezi bafuni kwako mpaka ikukubali, maana Finse si mahali pa kujifunzia. Ukisimama, geuzia upepo mgongo. Wenzako watatazama upande mwingine, huo ndio ustaarabu wa huko na wanaufuata sana. Usiku una chupa yako ya mdomo mpana, yenye alama unayoweza kuitambua gizani kwa kuigusa, tofauti na ya maji ya kunywa. Siku zako zikiangukia safarini, kikombe cha hedhi kina faida ya kutokukuachia taka za kubeba, lakini nacho kijaribu nyumbani miezi kadhaa kabla. Na paja: wanawake wengi wa ncha hurudi na vidonda vya mapaja, vinavyodhaniwa kutokana na baridi na msuguano wa nguo zilizobana. Vaa chupi ndefu ya sufu isiyobana, na kaptura yenye kinga ya upepo juu yake.

Nywele ni rahisi. Suka twende kilioni, ndogo, zilale kichwani ili kofia ikae. Rasta ndefu zinazoning'inia nje zinashika unyevu wa pumzi na kuganda. Hereni vua, shanga za nywele vua, chuma kinapitisha baridi kwenye ngozi. Anayevaa hijabu atumie ya sufu nyembamba ya kuvuta kichwani, isiyo na pini, na itakuwa inafanya kazi ileile ambayo wengine wananunulia kinga ya shingo. Mwaka 2018 Mwingereza Felicity Aston aliongoza wanawake kutoka Ulaya na nchi za Kiarabu kwenda Ncha ya Kaskazini kwa skii, na mmoja wao alikuwa Anisa Al Raissi wa Oman. Baadhi yao walikuwa hawajawahi kabisa kuvaa skii. Walifanya mazoezi Iceland, na pia jangwani Oman. Ndiyo, kwenye mchanga. Ndugu zetu walioko Maskati wanaosoma kona hii na kusema kwao hakuna baridi, sijui mnasubiri nini.

Mchanga unanikumbusha tairi, na hapa ndipo kazi yako inapoanza, tena leo, bila viza. Nenda kwa fundi wa pancha umwombe tairi chakavu la gari dogo. Atakupa bure, atakushangaa tu. Litoboe tundu, pitisha kamba ya mita tatu au nne, funga ncha ya pili kwenye mkanda wa kiunoni wa lile begi lako la mlimani. Kamba isiwe fupi, maana tairi litakuwa linanyanyuka na uzito unakukimbia. Kisha tembea. Anza na saa moja kwenye barabara ya vumbi, polepole, mwendo wa kuweza kuongea. Baadaye saa mbili, tatu. Preet Chandi, mwanamke wa Kiingereza mwenye asili ya Punjab, mtaalamu wa tiba ya viungo jeshini, alivuta matairi hivyohivyo kabla ya kutembea peke yake kwenda Ncha ya Kusini. Alifika tarehe 3 Januari 2022, kilomita kama 1,100, kwa siku 40. Naye alikuwa akiambiwa kwamba hafanani na watu wa ncha. Watoto wa mtaani watakufuata wakipiga kelele. Waache wakae juu ya tairi, uzito utaongezeka.

Nguo nazo zipo hapohapo Moshi. Nenda mitumba ya Memorial asubuhi bando zinapofunguliwa. Zinakuja suruali za skii, makoti ya theluji, sweta za sufu, vitu ambavyo Norway ni bei ya mbuzi wawili, na pale wauzaji hawajui wafanye nazo nini. Soma lebo ya ndani: sufu au nguo ya plastiki iliyofumwa, chukua, pamba acha, hata kama ni nzuri, kwa sababu ikilowa haikauki. Koti la nje liwe pana la kuvaa juu ya yote. Buti na begi la kulalia la baridi kali usinunue kwanza, hivyo ni vya kuazima.

Unajua ni nani aliyenifundisha kwamba vifaa viazimwe? Mji wako mwenyewe. Pale Moshi mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, unawaazima wagumu nguo za mlimani bila malipo, kwa sababu walikuwepo wagumu waliokuwa wakipanda na viatu vya kuendea sokoni. Hilo ndilo jambo ambalo Ulaya wanalisifia kama uvumbuzi. Sweden wana Fritidsbanken, mahali pa kuazima skii na buti kwa siku 14 bure, huulizwi mshahara wako. Norway tuna BUA, mtindo huohuo. Kina dada wa Kikongo mlioko huku, mnaoniandikia kwamba watoto wanabaki nyumbani siku ya skii shuleni kwa sababu vifaa ni ghali: nendeni BUA kesho. Kadi yenu ya kuingilia barafuni iko pale.

Ada sasa. Mafunzo ya wiki ni dola elfu kadhaa, na msafara wenyewe wa Ncha ya Kusini ni makumi ya maelfu. Ndege za kule ndani ya Antarktika ndizo zinazokula pesa. Wewe usiufikirie msafara bado. Fikiria wiki.

Utaona matangazo ya ufadhili kwa "watu wasiowakilishwa". Yasome hadi chini. Nimeona ufadhili unaolipa ada peke yake. Mshindi anabaki na tiketi ya ndege, viza, bima, buti, na kazi aliyoiacha wiki mbili, jumla yake ikizidi ile ada aliyosamehewa. Anayeweza kuvipata vyote hivyo hakuhitaji ufadhili tangu mwanzo. Wengine wanakulipia vyote, ila wanataka uso wako kwenye kila bango, na mwakani hawakumbuki jina lako. Ufadhili wa kweli unafanana na ule wa Girls on Ice, ulioanza Marekani mwaka 1999 na mwanasayansi wa barafu Erin Pettit. Wasichana wa sekondari wanapelekwa kwenye barafu ya mlimani na wanasayansi na waongozaji wanawake, hawalipi ada, vifaa wanaazimwa, na hawatakiwi kuwa na uzoefu wowote. Hayo masharti mawili ya mwisho ndiyo makubwa. Wewe umeshapita umri wake, lakini kitumie kama kipimo: wafadhili wakikuandikia, uliza nani analipia viza, nani anaazima buti, na kuna hatua ya pili au ni picha tu.

Wananisoma hapa pia wenye kampuni za safari, nisiwapite: nawaomba haya. Nafasi moja ya bure kila kozi, pamoja na nauli. Sanduku la buti za saizi ndogo. Picha mpya kwenye somo la majeraha. Na mkufunzi mmoja asiyefanana na wengine, kwa sababu mwanafunzi akimwona huyo hahitaji bango. Basi, nimemaliza na nyie.

Rudi kwangu. Kuna kitu unacho ambacho hukukitaja, nacho ni wageni wako. Sibusiso Vilane alikuwa askari wa wanyamapori Eswatini. Akamtembeza porini John Doble, aliyekuwa balozi wa Uingereza nchini humo, na yule mzee akaona uwezo wake, akamshawishi na kumsaidia aingie kwenye upandaji milima. Akaanza na milima ya karibu, huo Kilimanjaro wako ukiwamo. Mwaka 2003 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kufika kilele cha Everest, na Januari 2008 yeye na Alex Harris wa Afrika Kusini walifika Ncha ya Kusini kwa miguu wakivuta mizigo yao wenyewe. Na jirani zetu wana James Kagambi, mwalimu aliyepitia shule ya Kimarekani ya mafunzo ya nyikani, NOLS, ilipokuwa na tawi Kenya, akawa mkufunzi wao. Alipanda Denali huko Alaska mwaka 1989, na Mei 2022, akiwa na miaka 62, akawa Mkenya wa kwanza juu ya Everest, akiwa katika msafara wa wapandaji weusi. Wote wawili walifunguliwa mlango na wengine. Mmoja alionwa na mgeni, mwingine na shule. Yule mgeni wako mwenye picha za sleji, una namba yake? Mwandikie. Usimwombe pesa. Mwombe barua: kwamba amekuona ukifanya kazi, kwamba ulimshusha salama. Mwulize alifundishwa na nani, na je, anaweza kukutambulisha. Ukipata barua tatu za namna hiyo, ombi lako litasimama tofauti na la mtu anayesema anapenda changamoto.

Barbara Hillary alikuwa muuguzi mstaafu wa New York, alishaugua saratani mara mbili na pafu moja limekatwa sehemu. Alijifunza skii uzeeni, akaandikia watu na mashirika barua baada ya barua kuomba michango, na mwaka 2007 akafika Ncha ya Kaskazini akiwa na miaka 75. Mwaka 2011 akaenda Kusini, ana 79. Wewe una miaka 26 na magoti mazima.

Ratiba iko upande wako, na sijui kama umeliona hilo. Aprili na Mei masika inapiga, mlima unalala, wageni ni wachache. Aprili ndiyo mwezi mzuri wa mafunzo kule kaskazini kabisa, Svalbard, mwanga umerudi na baridi bado ipo. Kwa hiyo hutapoteza msimu. Ila Svalbard ina mtego wake. Visiwa vyenyewe havidai viza kwa mtu yeyote, na watu husoma hapo wakashangilia. Lakini ndege inapitia Norway bara, kwa hiyo unahitaji viza ya Schengen, tena ya kuingia mara mbili, maana ukienda Svalbard umetoka Schengen na ukirudi unaingia upya. Ukiwa na ya mara moja, umekwama. Nje ya mji wa Longyearbyen hutembei bila namna ya kumfukuza dubu, hilo wataliangalia waalimu. Kama ni mara yako ya kwanza mimi ningekushauri Finse. Viza ni ya kawaida, hakuna dubu, na una dada wa kukupikia ubwabwa ukishuka.

Kwa wale walioko Marekani au Uingereza wenye vibali vya kufanya kazi, kuna mlango wa uani ambao watu wetu hawaujui. Vituo vya utafiti vya Antarktika vinaajiri wapishi, mafundi bomba, mafundi umeme, maseremala, madereva wa mitambo. Shirika la Uingereza la utafiti wa Antarktika hutangaza kazi hizo kila mwaka, na Wamarekani huajiri kupitia makampuni kwa ajili ya kituo cha McMurdo. Watakupima mwili mpaka meno, maana daktari wa meno yuko mbali, halafu usalama wa barafuni wanakufundisha wao wakati unalipwa. Mama ntilie mwenye cheti cha upishi anaweza kuiona Antarktika kabla ya mtoto wa tajiri.

Nikuonye kitu kimoja, halafu tumalizie na mama. Watakuja watu wakikwambia utakuwa "mwanamke wa kwanza wa Tanzania". Litakuwa jina tamu, litaleta waandishi na pengine wafadhili. Likubali kwenye barua za maombi kama litasaidia, lakini usilivae ukiwa hemani. Mtu anayebeba taifa zima mgongoni anaona haya kusema vidole vimekufa ganzi, anaona haya kugeuka. Wewe ni mwongozaji, unawageuza watu kila wiki pale Stella Point wakiwa wamebakiza saa moja kufika Uhuru, tena watu waliolipa maelfu. Ujuzi huo ubaki nao.

Mama yako usimwambie habari ya Ncha ya Kusini. Sisemi umfiche, nasema usianzie huko. Mwambie unakwenda kusoma wiki moja Norway, kazi ileile ya mlimani, wanafundisha baridi. Mwonyeshe barua ya waandaaji, jina la mwalimu, bima inayolipia helikopta, na tarehe ya kurudi. Mpe namba yangu, ofisi ya jarida itakupa. Sisi wamama tukishaongea wenyewe mambo hulainika. Atauliza utakula nini, mwambie shayiri, siagi, chokoleti, na kwamba watu huko hula mara mbili ya kawaida na bado hupungua. Hilo litamshtua kuliko dubu. Atakufungia ubuyu na karanga. Chukua karanga, zina mafuta na haziharibiki kwa baridi. Ubuyu ukiganda utakuvunja jino.